Niliua Mtambo wa Umeme, Akafukuzwa Baba Mkwe Wangu

Jamani, mkosaji ni mimi! Si yule mzee aliyefukuzwa mbele ya watu.

Miaka ile ya Ujamaa, kabla nyaya za gridi ya taifa hazijapanda mlima kutoka Mombo, Lushoto tulipata umeme wa mtambo mdogo wa dizeli. Msimamizi alikuwa mzee mmoja Mshambaa, mkali lakini mwenye utu. Ndiye aliyenifundisha kazi. Ndiye pia aliyenipa binti yake nimuoe.

Wiki ya harusi mafuta yakaadimika. Lori la kuwaleta jamaa zangu kutoka Mombo halikuwa na hata tone. Nikauchomoa ufunguo wa tangi kwenye koti la mzee, nikachota dizeli ya mtambo, kisha nikamimina maji kwenye tangi ili kipimo kisishuke. Ujinga gani ule!

Harusi ilifana. Jumatatu yake mtambo ukakohoa, ukafa. Hospitali, shule, maofisi, kote hakuna umeme.

Maji yalipokutwa kwenye tangi, wakubwa wakaitisha mkutano.

"Ufunguo wa tangi unao wewe," wakamwambia mzee. "Umehujumu!"

Mzee akanigeukia. "Mwanangu, waambie kazi yangu unavyoijua."

Nikasema ni mchapakazi. Nikaishia hapo. Woga, jamani!

Akafukuzwa, akatolewa kwenye nyumba ya kazi. Injini ilipotengenezwa, nafasi yake nikapewa mimi. Na yeye akahamia kwangu!

Kila asubuhi, "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu. Mtambo unaendeleaje?" Nilijibu, "Vizuri, baba," nikawahi kazini. Niache kazi? Wangeuliza kwa nini. Nihame? Yeye ningemwacha na nani?

Gridi ilipofika, mtambo ukafungwa, mashine zikang'olewa. Mzee akaomba nimpeleke akaone. Tukasimama ndani ya jengo tupu, sakafu bado ina mafuta. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo.

"Baba, yale maji..."

Akanishika mkono. "Acha, mwanangu. Mji mzima ulinitenga. Wewe peke yako hukuamini kwamba ni mimi. Hilo limenitosha."

Nikamrudisha nyumbani. Nikanyamaza tena!

Alifariki akiniombea baraka. Mpaka leo mke wangu huwaambia watoto, "Mheshimuni baba yenu, ndiye aliyemtunza babu." Mimi nimekaa pale pale, nasikia, natazama chini.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu amebeba kosa lako, nenda ukamwambie leo, angali na nguvu ya kukutukana. Mimi nayatamani matusi ya yule mzee, na siwezi kuyapata tena.