Mwali wa Chumba cha Nyuma

Kabla sijamfungia mama yangu kwa kufuli nilijaribu kila kitu, na naomba hilo lieleweke kwanza. Nilimbembeleza. Nilimfokea. Nilimfunga njuga mguuni ili nimsikie akitoka, naye akaivua, akaniletea mkononi na kuniambia nimeiangusha.

Alikuwa amehamia kwangu Kitangari kutoka Chilangala, baada ya kuunguza banda la jiko mara ya pili. Chai ya asubuhi aliisahau kabla sijaosha kikombe, lakini visima vya bondeni alivyochota akiwa msichana hukuhuku Kitangari alivikumbuka kimoja kimoja. Basi akawa anavifuata. Alichukua ndoo na kuteremka peke yake, na mara mbili watu walimkuta kule chini jioni, amekaa majanini, hajui arudi kwa njia ipi. Mara ya pili alikuwa ameanguka na kuchubuka uso mzima. Daktari alisema ni uzee, akaandika vidonge, akanishauri nisimwache peke yake. Nilimwuliza nimwache na nani. Akaita mgonjwa mwingine.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuja na malori yao kununua korosho. Zamani tulipeleka chama cha msingi na tulijua lini. Sasa lori lilikuja siku lilipotaka, na asiyeokota mapema aliachwa na magunia yake yakinyeshewa. Mume wangu alikuwa Masasi akijaribu biashara ya mitumba, watoto walikuwa shuleni, na shamba letu lilikuwa mwendo wa saa nzima. Nilikwenda na mama shambani siku tatu. Siku ya tatu alinipotea mikoroshoni, nikamwita mpaka sauti ikakauka. Siku ya nne nikanunua kufuli.

Niliokota siku hiyo huku nikimsikia kichwani akipiga mlango. Niliporudi nyumba ilikuwa kimya, na kimya kile kiliniogopesha kuliko kelele. Nilifungua chumba cha nyuma. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka pembeni, miguu ameinyoosha, kanga imemfunika kichwa na uso. Nilimwamkia. Hakuitikia. Nikapiga magoti karibu yake, ndipo aliponong'ona: "Somo, wenzangu wamekwishafika?"

Mwanamke yeyote wa kwetu angeelewa. Mimi nami niliwahi kukaa hivyo, kimya, uso umefunikwa, nikisubiri somo wangu, yule mama aliyekabidhiwa kunifunda na kunilinda mpaka siku ya kutolewa. Mama alidhani yuko unyagoni. Mlango uliofungwa, chumba chenye giza, chakula cha kuletewa, vyote alivitambua, na akafanya kama alivyofundwa. Mwali hatoki mpaka atolewe.

Hapo ningemwambia, mama, ni mimi mwanao. Nilikuwa nimechoka. Nikamwambia, "Bado. Tulia, usitoke mpaka nije."

Akatulia. Kwa wiki kadhaa nilikuwa mtu huru, na sitadanganya kwamba sikufurahi. Nilimwachia uji na maji, nikafunga, nikaenda. Baadaye hata kufuli sikuiweka tena, kwa kuwa uongo wangu ulimshika vizuri zaidi. Nilirudi na kumkuta palepale nilipomwacha, na usiku nililala kama mtu aliyelewa uraka, pombe yetu ya mabibo.

Kisha mdogo wangu alikuja kutoka Nanganga kwa baiskeli, amemletea mama yake samaki wakavu. Mama aliposikia sauti ya mwanamume alijiviringisha kanga yote na kugeukia ukutani, maana mwali haonwi na wanaume. Mdogo wangu alimwita mara tatu. Mgongo wa mama ulikuwa unatetemeka.

"Dada, umemfanya nini mama?" aliniuliza uani, machozi yakimtoka.

"Mchukue basi," nikamwambia. "Mfunge kwenye keria hapo, nenda naye."

Akaitazama baiskeli, akatazama chini. Aliondoka bila kula. Nilimkasirikia kwa sababu alikuwa na haki ya kuuliza.

Tangu siku ile nilianza kuona niliyokuwa siyaoni. Miguu ya mama ilikuwa imekonda kwa kukaa. Makalioni alikuwa na kidonda. Chakula alikila nusu, kwa woga, kama anayepimwa. Na maswali yake yalibadilika. Alikuwa haulizi tena kama wenzake wamefika. Aliuliza, "Wenzangu wametoka? Mimi nimekosa nini?" Nilimjibu bado kidogo. Kesho yake aliuliza tena, na kesho yake, na kila mara aliomba msamaha kwa kosa ambalo hakulijua. Nilikuwa nimemtoa kwenye hatari ya bondeni nikamtia kwenye hofu isiyo na mwisho. Nilijichukia, halafu asubuhi nikarudia maneno yaleyale, kwa sababu korosho zilikuwa bado chini.

Aliyenizuia ni bibi jirani, ambaye alichezwa unyago mwaka mmoja na mama. Alikuja kumjulia hali, akasikia ananong'ona, akatoka nje akanikodolea macho. "Mwali hawekwi hivyo," akasema. "Umemweka ndani, basi mtoe. Mtoe kwa heshima, labda roho yake itatulia."

Nilishika maneno hayo kwa mikono miwili. Nilijiambia kwamba akitolewa atafurahi, atajua yamekwisha, na labda atarudi kwangu kidogo. Tulimwogesha, tukampaka mafuta, tukamvika kanga mpya ambayo ilikuwa bado inanukia duka. Walikuja kina mama watano. Mambo ya ndani siyasemi. Waliimba kwa sauti ya chini, bibi jirani akamwongoza mpaka uani akiwa amefunikwa, na hapo akamfunua uso.

Mama alitabasamu. Sikuwa nimeliona tabasamu lile tangu Chilangala. Aliwatazama wale wanawake mmoja mmoja, taratibu, akitafuta. Nilijua anamtafuta nani, kwa kuwa kwetu mwali akitolewa mama yake mzazi ndiye humpokea. Nilikuwa nimejiandaa kusimama mahali pa bibi yangu, mama yake. Nikasogea mbele, nikafungua mikono.

"Wewe ni somo wangu," akasema. "Mama yuko wapi?"

Nyimbo zikakatika. Mmoja wetu angesema ameenda kuchota maji, angesema lolote. Hakuna aliyesema. Wote tulitazama chini, na hilo ndilo kosa letu, kwa sababu kwetu msiba ukitokea mwali akiwa ndani haambiwi. Watu hunyamaza mpaka atolewe, ndipo hutazama chini namna hiyo, na kila msichana aliyepita mle anajua maana yake.

Mama alikaa mavumbini. Aliivua ile kanga mpya mabegani, akaikunja vizuri, akaiweka kando, kisha akalia kilio cha mtoto aliyefiwa asubuhi ileile. Bibi jirani alimkumbatia akilia naye. Mimi nilimshika miguu tu, maana mama yake alikuwa amekufa kweli, na nisingeweza kumwambia hakufa.

Aliponyamaza aliniinulia uso.

"Ulijua?"

"Nilijua," nikasema.

"Amekufa lini?"

"Zamani, mama."

"Zamani," akasema. "Na kila siku nilikuuliza, ukaniambia bado."