Ngege Tuliowachinja Ajia

Enzi zetu chakula hakikupigwa picha kabla ya kuliwa. Wajukuu zangu hapa Bombo wakiletewa samaki, kwanza wanatoa simu, halafu wanauliza kwa nini ana miba. Mimi nawatazama tu. Sisi tuliokulia Arua, kaskazini mwa Uganda, miaka ya sabini samaki tulimjua tangu akiwa majini, na miba tuliitoa kwa ulimi huku tukipiga soga.

Bwawa letu lilikuwa Ajia, kijiji cha nje ya mji, nyuma ya shamba la kina Candiru, rafiki yangu wa darasa la tatu. Alikaa mjini kwa shangazi yake ili asome, likizo anarudi kwao. Habuba, bibi yangu aliyenilea, alikuwa akienda Ajia kununua karanga, na kila safari aliniacha kwa kina Candiru mpaka jioni. Ndoano zetu zilikuwa pini tulizozikunja kwa meno, kamba zilikuwa nyuzi za gunia, na chambo ni tonge la enya, ule ugali wa muhogo na ulezi. Ukikaa kimya, ngege anakuja, anavuta mara mbili kwa adabu, mara ya tatu anameza. Kukaa kimya kulinishinda, kwa hiyo Candiru ndiye aliyevua zaidi.

Tatizo lilikuwa kula. Sisi ni Wanubi, Waislamu, na Habuba alinionya kuhusu nyama inayopikwa nyumba za wengine: "Kama hujui nani alichinja, kula hapana." Kwa akili yangu ya miaka tisa, nikakataa kila kitu kilichowahi kuwa na macho. Nilikataa kuku wa mama yake Candiru, kisha nikakataa na samaki wake. Mama yule alivumilia mara mbili. Mara ya tatu alimwambia binti yake kwa sauti niliyoisikia mpaka uani: "Zamzam anakataa chakula yetu kila siku. Basi anakuja kufanya nini? Leo kama hapana kula, asirudi tena."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimpenda sana Candiru, sikuwa na rafiki mwingine kama yeye.

Candiru alinishika mkono tukarudi bwawani, tukavua ngege watano. Kisha akaniuliza, "Nyinyi mukichinja munaangalia wapi?" Nikamwonyesha upande wa kibla. Akamlaza samaki wa kwanza kwenye jani la mgomba, akamgeuza sawasawa, akashika kisu. "Wewe sema maneno, mimi nakata." Nikasema bismillahi, akakata shingo. Tukawachinja wote watano kwa heshima zote, ingawa wawili walikuwa wamekwisha kufa kitambo.

Mama yake aliwapika kwa odi, karanga na ufuta zilizosagwa kwenye jiwe mpaka zikatoa mafuta. Mchuzi ulikuwa mzito, na harufu yake ilifika mpaka barabarani. Nilikula, nikalamba vidole. Mama yule alinitazama, akaniongeza bila kuniuliza.

Habuba aliporudi na gunia lake alinikuta na mchuzi kidevuni.

"Umekula nini?"

"Samaki, Habuba. Usiogope, tulichinja."

Aliweka gunia chini, akalikalia, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Samaki haichinjwi, mutoto yangu. Iko halali hivyo-hivyo. Nani alifundisha nyinyi?"

Candiru alikuwa ameinamisha kichwa. Habuba akaacha kucheka, akamtazama kwa muda. Kisha akanawa mikono, akakaa mkekani, akamuuliza mama mwenye nyumba, "Imebaki?" Kilikuwa kimebaki kichwa kimoja. Akakila chote.

Tangu siku hiyo kila safari alikula pale. Na sisi tuliendelea kuwachinja ngege wetu hata baada ya kujua, kwa sababu ule mchezo ulikuwa wetu.

Mwaka wa sabini na tisa vita vilipofika, tulikimbia kupitia Koboko mpaka Sudan. Sikumuaga Candiru. Niliporudi Uganda, miaka mingi baadaye, nilikuja kuishi huku Bombo, na Ajia nikaiona mbali.

Mwaka juzi nilikwenda. Bwawa limekuwa shimo la watu wa matofali, na samaki wanaletwa kwa bodaboda, ndani ya ndoo. Siku hizi watu wana friji, lakini mgeni asipopiga simu kwanza hapikiwi. Nje ya nyumba ya kina Candiru nilimkuta msichana akitengeneza ngege. Kila mmoja alimgeuza kwanza, akamkata shingo, ndipo akamparua magamba. Nikamuuliza kwa nini anafanya hivyo.

"Nyanya Candiru ndiye anataka," alisema bila kuinua macho. "Sisi si Waislamu, lakini hapa kwetu iko hivyo. Anasema Zamzam anaweza kuja."

Niliketi chini kando yake, nikamwomba kisu.