Mashine ya Mvuke ya Mama Kadzo

Asubuhi moja mwezi uliopita nilitoka Mikindani na mkoba wangu, bila kujua nitalala wapi. Ndiyo tabia yangu tangu nilipoacha shule darasa la sita. Adhuhuri nikajikuta Junda, mbele ya kibao kilichoandikwa "Chumba kipo". Mwenye nyumba, Mama Kadzo, alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine ya kufulia aliyoletewa na bintiye.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuuliza chumba."

"Marahaba. Chumba kingoje, mwanangu. Kesho kwaya yaimba, majoho yamejikunja kama matumbo ya mbuzi, na pasi ishaunguza moja. Hii nimeambiwa yatoa mvuke. Mvuke wenyewe u wapi?"

Enzi zetu mvuke haukuwa na kitufe. Wa rika langu mtakumbuka Jumapili asubuhi: mama anapepea pasi ya mkaa mlangoni, majivu yanaruka. Anajaza maji kinywani, anayapuliza juu ya shati, fuu! Kisha pasi inapita, tsss, chumba kizima kinanukia pamba iliyolowa. "Kaa mbali, mvuke hauna macho!" anatuonya. Vijana wa leo ukiwapulizia shati maji ya kinywani, watalikimbiza hospitali.

Mimi siku zile nilitaka kujua mvuke unafanya nini mle kitambaani. Nilikuja kujua ukubwani: joto na unyevu hulegeza nyuzi, mikunjo ikajiachia. Mashine ya namna hii huchemsha maji kidogo katika kijisanduku chake, mvuke ukaingia kwenye nguo.

"Maji watia vipi, mama?"

"Kwa ndoo, hapa penye sabuni. Kwani bomba la Junda latoa maji lini?"

Nikachungulia nyuma. Mpira wa maji ulikuwa unaning'inia mkavu. Maji ya ndoo yalikuwa yakishukia nguo tu. Kijisanduku hunywa kupitia mpira ule. Tukapandisha madumu ya maji ya mvua hadi kwenye tangi la juu ya paa, maana ya kisima yana chumvi, ambayo ingeganda mle ndani. Tukaunganisha mpira na bomba la tangi, tukabonyeza kitufe cha mvuke, tukangoja. Kioo cha mlango kikafanya ukungu.

"Yesu wangu! Yapumua!"

Majoho yakatoka yamenyooka, yangali na joto. Nililiweka moja shavuni. Zamani sisi watoto nyumbani tulipanga foleni kuvaa mashati yenye joto kama hilo, tukisukumana nani atangulie. Hapa tulikuwa wawili tu, na mlio wa mashine.

"Hebu lete hilo, utalikunja tena," Mama Kadzo akasema, huku akinirushia ufunguo. "Chako kile cha kona."