Ni Nyimbo Tu za Akina Mama

Dorkas ni mkulima wa tangawizi hapa Mamba, na ndiye anayetufundisha kwaya. Tumeimba pamoja tangu tulipomaliza darasa la saba, kwa hiyo haya sikuyaokota njiani. Mtu akikwambia Dorkas ana hasira, mwambie ndiyo, anazo, kisha muulize nani alizipanda.

Bibi zetu walipoanza kuondoka mmoja mmoja, Dorkas alikuwa akitoka shamba na matope yake miguuni, anapitia majikoni kwao, anawarekodi kwa simu. Nyimbo za Chasu, lugha yetu ya huku milimani: za kulima, za kubembeleza watoto, za harusi. Mama yake mzazi, bibi Eliwaza, aliimba akimenya ndizi, anakohoa moshi, anaendelea. Simu ya Dorkas ni ndogo, ikijaa inagoma. Basi nyimbo alizihamishia kwenye kompyuta kuukuu ya ofisi ya usharika, kwenye simu akazifuta, akaenda kurekodi nyingine. Ofisi ya kanisa, angeogopa nini?

Mwaka huu kompyuta ikawa ukiiwasha, unaweza kwenda kuchota maji ukarudi bado inafikiri. Mzee wa kanisa Eliufoo akamwita Paschal, fundi kutoka Same mjini. Paschal akasema mashine ni nzima, programu ndiyo imeizidi nguvu. Aiwekee Linux, programu nyingine ya kuendeshea kompyuta, ni nyepesi na ni ya bure. Mimi na Linux hatuna ugomvi. Tena kabla ya kugusa kitu kijana aliuliza, "Mzee, humu kuna cha kuhifadhi? Nikianza, diski yote inafutwa."

Eliufoo akachungulia. "Hamna kitu. Ni nyimbo tu za akina mama."

Nyimbo tu!

Jumapili akatuita ofisini tukaone maajabu. "Tazameni inavyowaka! Hata chai haijapoa."

Dorkas akazitafuta nyimbo zake. Akatafuta tena. Kisha akamgeukia. "Inawaka upesi ikiwa na nini ndani?"

"Mama, si mtarekodi nyingine?"

"Mama yangu utamfukua wewe?"

Paschal, masikini, aliitwa akahangaika mchana kutwa kuzirudisha. "Nimeshindwa, mama. Programu mpya imeandikwa juu yake. Lakini niliuliza."

"Najua uliuliza, baba. Ulimuuliza asiye na chake humo."

Hapa kwetu baragumu la msaragambo likipigwa, kila nyumba inatoa mtu kwenda kutengeneza barabara au mfereji, na asiyetokea anatozwa faini. Dorkas akamwambia Eliufoo, "Huu ni msaragambo wa mtu mmoja. Umeziba mfereji, uuzibue. Pita nyumba kwa nyumba, uliza nani ana sauti ya mama zetu kwenye simu mbovu au memori kadi. Mpaka hapo kwaya haiimbi."

Wanaume wakanuna, eti kanisa si la Dorkas. Tukakunja majoho yetu, tukayapanga juu ya meza ya wazee wa kanisa. Jumapili iliyofuata Eliufoo alianzisha wimbo mwenyewe. Sitaeleza zaidi, ni mtu mzima.

Jumatatu akaanza kuzunguka. Nyumba za huku juu hazikuwa na kitu, akateremka mpaka Kihurio, kwa watu wetu waliohamia kwenye mpunga. Kwa mama mmoja, Tumainieli, akapata memori kadi yenye harusi ya zamani. Paschal akaichomeka kwenye kompyuta. Vigelegele, kuku, mtu anaulizia chumvi. Kisha nyuma ya kelele zote, kikohozi, na bibi Eliwaza akaimba.

Dorkas aliweka kiganja juu ya kioo cha kompyuta mpaka wimbo ukaisha. Akafuta uso kwa kanga. "Paschal, uache humo. Uweke na kwenye flashi, na kwenye simu ya kila mwanakwaya."

Eliufoo, vumbi mpaka magotini, akatabasamu. "Basi Jumapili mtaimba?"

"Huo tutauimba. Mwenzake uko wapi?"

"Mama, hii miguu yangu..."

"Hao unaowaita 'tu' walipanda mlima huu na mizigo kichwani, wakiimba. Kihurio hujamaliza nyumba, Mzee."

Akatutazama sisi wengine, labda mmoja amwonee huruma. Mimi nilimpa kofia yake.