Mwanangu alinikatia tiketi ya likizo ya meli baada ya kuona wazungu kwenye TV. Mimi nikajua natupwa

Wajukuu zangu mnaosoma humu, na ninyi watu wazima mnaoitana wakuu, marahaba. Nimeitikia kabla, maana najua wengi wenu hamuamkii.

Jina langu halina kazi hapa. Mimi ni bibi, nakaa Mwanza, Mabatini, shule niliishia darasa la nne. Mjukuu wangu kanionyesha pa kuandikia halafu nimemfukuza, kila neno anataka kulinyoosha.

Nitasema yaliyonipata. Ambalo silijui nitasema silijui, na hayo mtayakuta mengi.

Kilichonileta ni huyu kijana aliyeweka humu picha za meli za kitalii, anauliza nani kashapanda, anataka ampeleke mchumba wake. Wengine mmemcheka. Wengine mmemwambia huko ni peponi duniani. Nikamuuliza mjukuu, hawa wanaosema peponi wamepanda lini? Akasema hawajapanda bibi, wameona kwenye TV.

Basi nikasema hili nalijua.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mitumba imejaa, maduka yamejaa, kila mtu mfanyabiashara. Viwanda vya minofu vimefunguliwa, sangara anaondoka na ndege. Mwanangu wa pili, Masalu, alikuwa anapeleka samaki viwandani. Hela ikamjia. Akanunua televisheni, akaweka na dishi juu ya bati, kubwa, mvua ikinyesha linapiga kelele mpaka hamsikilizani.

Na ieleweke ilikuwa kabla ya ule msiba wa meli kuzama ziwani ambao watu wa Mwanza wote tunaujua. Huo siuchanganyi na haya. Nikiuanza sitamaliza.

Mume wangu alikuwa amefariki mwaka haujaisha. Aliugua muda mrefu, nikamuuguzia chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara. Kitanda chake kilikuwa bado kipo, na godoro lake, na blanketi lake. Kwetu vitu vya marehemu havitoki ndani mpaka ndugu zake waje, wakae, waseme. Ndugu zake wako Usagara, walisema watakuja wakishavuna.

Masalu yeye alikitaka chumba kile. Anataka avunje ukuta, aweke duka la nyavu na taa za wavuvi. Alishaniambia mara moja, nikamwambia baba yako hajapoa. Akanyamaza.

Nami nikajua kunyamaza kwake si kukubali. Nimemzaa, namjua.

Sasa Jumapili moja tumetoka kanisani, sebule imejaa majirani. Kikaja kipindi cha meli. Siyo sinema ya kuigiza, ni zile makala za kweli, mtu haonekani anasema tu pembeni kwa Kiingereza. Neema, mke wa Masalu, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye anatutafsiria.

Jamani, ile meli! Mnajua nyumba za kwetu zilivyopandiana kwenye mawe, hii juu ya ile mpaka kileleni? Chukua mlima wote huo uweke majini, upake rangi nyeupe.

Lakini mimi sikuangalia meli. Niliangalia watu.

Wote wazee. Vichwa vyeupe tupu. Wamelala juani kwenye viti virefu, nguo za ndani tu. Hakuna mtoto hata mmoja. Hakuna mwenye mzigo. Hakuna anayemenya kitu wala kuosha kitu. Wanaletewa chakula na watu wasiowajua, wanakidonoa, kinaondolewa. Bibi mmoja umri wangu au zaidi anacheza dansi na kijana wa sare, anacheka mdomo wazi.

Halafu wakaonyesha meli inaondoka. Chini gatini watu wanapunga vitambaa. Mwanamke mmoja anafuta machozi.

Nikamuuliza Neema, "Hawa wanapelekwa wapi?"

"Hawapelekwi mama, wako likizo."

"Likizo ya kazi gani?"

"Hawana kazi, wameshastaafu."

"Asiye na kazi anapewaje likizo?"

Akasema subiri mama, nisikilize.

"Na wanarudi lini?"

"Hajasema."

Hapo umeme ukakatika. Ikawa basi. Kurudi kwao sikukuona.

Vijana wakaanza kelele, ningekuwa mimi, ningekula lile linyama lote, ningelala kile kitanda. Lakini jirani yangu Mama Kulwa akaniinamia sikioni. Akasema, "Umeelewa? Wametupwa wale. Wazungu wanawatupa wazee wao kwa muziki."

Nikamwambia acha upuuzi. Lakini mnisikilize, kwa nilichokiona kwa macho yangu, sikuwa na maelezo mengine.

Wiki haikuisha. Masalu akaja jikoni, anatabasamu, mikono nyuma.

"Mama, jiandae. Nimekukatia tiketi ya meli, daraja la kwanza. Kitanda na shuka. Unaenda Bukoba."

Nikaweka mwiko chini. "Nani amekufa Bukoba?"

"Hakuna aliyekufa."

"Nani anaoa?"

"Hakuna anayeoa, mama."

"Kuna mgonjwa?"

"Mama, ni likizo! Unaenda, unapumua, unarudi."

"Nitapokelewa na nani?"

"Hupokelewi. Unashuka, unatembea mjini, unapanda meli ikigeuza."

Wakuu, hebu fikirini na ninyi. Mtu mzima, mjane, anavuka ziwa zima, anashuka kwa watu, anazunguka zunguka kama aliyepotelewa na mbuzi, halafu anarudi. Ukiulizwa ulifuata nini unasema nini? Mimi safari zangu zote nilizowahi kusafiri zilikuwa na mtu mwishoni.

Nikaunganisha. Wazee wa kwenye TV. Chumba cha mbele. Kunyamaza kwake. Nikaona kila kitu mchana kweupe. Nikiondoka ukuta unavunjwa, na nikirudi, kama nitarudi, nakuta nyavu zinaning'inia alipofia mume wangu.

Mtauliza kwa nini sikukataa. Nami nimejiuliza. Tiketi ameshakata, mtaa mzima ameshautangazia kwamba mama anaenda kama wazungu, wanawake wananisimamisha njiani wananipongeza. Ningekataa ningeonekana nina wazimu. Na kidogo, sijui niseme vipi, kuna kitu ndani kilitaka kujua yule bibi alikuwa anacheka nini.

Nikafanya ninavyojua. Kwanza nilinunua kufuli jipya sokoni Mirongo, nikafunga chumba cha mbele, ufunguo nikaufundika kwenye pindo la kanga.

Pili nikaitafutia safari mtu. Nikaulizia kanisani nani ana ndugu Bukoba, nikapewa mama mmoja, Mama Koku, mama mkwe wa binti wa mwanakwaya. Simjui hanijui. Nikamchukulia kuku, mikono mitupu haiendi kwa watu.

Tatu nikafunga vitu vyangu vyote. Sufuria, blanketi, jembe. Masalu alipoliona jembe akasema, "Mama, jembe la nini likizo?" Nikamwambia, nikakae tu huko nikishangaa watu?

Pale bandarini akanipungia mkono. Neema akafuta machozi.

Mnaona mambo hayo? Vilevile kama kwenye TV.

Kabini niliwekwa pamoja na muuguzi mmoja, mwenyeji wa Bukoba, anarudi kwao. Alivyomwona kuku wangu yuko chini ya kitanda cha daraja la kwanza alicheka mpaka akakaa chini. Akaja mtu na chai kwenye sinia. Nikakataa. Muuguzi ananiambia kunywa mama, imo kwenye tiketi. Nikasema sinywi chai ya mtu nisiyejua anataka nini kwangu. Nikala kiporo changu, nikalala na ndala miguuni.

Asubuhi milima ya Bukoba inaonekana, tukatoka nje kwenye vyuma vya ukingo wa meli. Hapo nikamkuta bibi wa kizungu. Mzee kabisa, mikunjo, peke yake, kofia ya majani, anapiga picha maji.

Nikamwambia muuguzi, "Niulizie, watoto wake ndio wamemleta?"

Akaulizia. Yule bibi akacheka mdomo wazi kama yule wa kwenye TV.

Muuguzi akasema, "Anasema ana watoto watatu. Hawajui aliko."

"Hawajui?"

"Anasema akirudi atawaambia."

"Kwa hiyo hakutupwa."

"Nani amtupe, mama? Kajipeleka mwenyewe."

Mimi nilikuwa nimeshawaona watoto wa kizungu ndio wanawaacha wazee. Kumbe mzee naye anaweza kuamka akawaacha wao. Hilo sikuwahi kulifikiria na hata leo sijui nilipende au nilichukie.

Naye akauliza, na wewe unaenda kumwona nani? Nikasema dada yangu. Ndivyo nilivyojibu. Nilishindwa kusema hakuna.

Kwa Mama Koku nikafika na kuku na jembe. Mwanamke wa watu alivyoniona mlangoni akashika kifua. "Nani amekufa?"

Nikasema hakuna aliyekufa.

"Mwanakwaya mzima? Binti mzima?"

"Wazima."

"Sasa mama, umefuata nini?"

Nikafungua mdomo, likatoka. Nikasema nimekuja likizo.

Akanitazama. Akatazama jembe. Jamani, tulicheka! Mimi mwenyewe nilijishangaa, nilikuwa sijacheka tangu mazishi. Akapika ndizi, tukakaa kibarazani tukisema watoto wetu vibaya mpaka jua likashuka. Nilikaa kwake hadi meli ilipogeuza. Sikutembea mjini kuangalia chochote. Nilimsaidia kupalilia migomba, ndiyo jembe likapata kazi.

Nikarudi. Masalu kanipokea bandarini, anacheka, lakini macho hayatulii. Nikajua.

Kufuli langu lilikuwa pale pale mlangoni, halijaguswa. Nikashukuru Mungu, nikafungua.

Ukuta ulikuwepo. Haukuvunjwa. Ila ulikuwa mweupe, rangi mpya, inanukia. Walipitia dirishani, waling'oa nondo wakazirudisha. Kitanda cha mume wangu hakipo. Blanketi hakuna. Katikati kuna kitanda kipya, godoro jipya, shuka nyeupe zimekunjwa kwenye ncha, vilevile kama za kwenye meli ya TV.

Nikauliza godoro la baba yenu liko wapi. Nikatoka nyuma nikaona jivu.

Masalu akanifuata. Akasema, "Mama, ulikuwa unalala chini kando ya godoro lile kila siku. Linanuka dawa. Nilimwona yule bibi kwenye TV anacheka, nikasema na mama yangu acheke. Nikajua ukiwepo hutakubali."

"Na duka?"

Akainama. "Na duka pia, mama. Baadaye. Nilifikiri ukishazoea."

Sasa ninyi wasomi wa humu mniambie. Mtu huyu alinipenda au alinidanganya? Sebule moja, TV moja, yeye kamwona bibi anacheka, mimi nimeona wazee wanatupwa, vijana wameona nyama. Na kila mmoja alinyanyuka pale akaenda kufanya jambo kwa alichokiona. Nilikosea, sikutupwa. Lakini sikukosea pia, maana niliondolewa ili jambo lifanyike nyuma yangu. Haya mawili nimeyageuza miaka yote hii hayalali kitanda kimoja.

Kwa hiyo kijana wa picha, nenda na mchumba wako, sikukatazi. Ila kabla hamjapanda muulize yeye aliona nini kwenye kile kipindi. Usidhani aliona ulichoona wewe. Wengine nanyi andikeni hapo chini, mmewahi kufanyiwa wema kama huu? Wa matusi nitamwita mjukuu awafute.

Namalizia na nililowaambia nyumbani jioni ile, maana bado linafuatwa. Nilikaa kwenye lile godoro jipya na vumbi langu la safari, nikawaita wote, Masalu, Neema, na watoto. Nikasema:

Duka mtajenga, ndugu wa baba yenu wakishakaa na kuambiwa wazi kilichochomwa. Na kuanzia leo ndani ya nyumba hii hakuna kumfanyia mtu jambo jema akiwa hayupo. Mwiteni, mwambieni, akatae mbele yenu. Sasa shikeni godoro hili mlitoe nje, mnitandikie mkeka.