Maji ya Mchele

Udi ukiungua peke yake hunukia. Ukiungua pamoja na hariri, hunuka kama nywele. Nilikuwa na miaka tisa nilipoijua harufu hiyo. Tulikaa mtaa wa Darsait, katika nchi ya Waarabu, ghorofa ya pili juu ya duka la fundi wa viyoyozi, na likizo ile ya joto baba alikuwa akitusomea hadithi za Kijapani kila baada ya Alasiri. Kitabu kilikuwa cha Kiarabu, yeye akizifasiri kwa Kiswahili papo hapo. Zote zilihusu watu wa kawaida wanaotenda ubaya taratibu, bila shetani wa kuwasukuma. Hilo ndilo lililonitisha. Shetani nilikuwa na dua za kumfukuza, mtu je?

Siku hiyo mama alitandaza gauni lake la hariri, la harusi ya mdogo wake, juu ya kitenga cha kufukizia nguo, chetezo chenye kaa la moto na udi kikiwa chini yake, akamwachia Hadija, dada wa Kiganda aliyetufanyia kazi za nyumbani, alitazame. Hadija akapanda juu ya paa mara moja kuanua nguo, akanikataza nisiguse kitu. Nikagusa. Niliongeza kaa la pili ili gauni linukie zaidi, likanibabua kidole, nikakimbilia hadithi. Ilikuwa ya mwanamke aliyekuwa akiosha mchele mtoni akamwona jirani yake anazama. Akajisemea, mtu mwingine atamwona, akaendelea kuosha. Tangu hapo maji ya mchele wake hayakutakata tena. Baba alipofika hapo moshi wa hariri ukaingia sebuleni.

"Hadija! Moto wote huu kautia nani?" mama alipiga kelele.

"Si mimi, madamu. Niliacha kaa moja tu."

Mama akanigeukia. "We umemwona mtu mwengine hapa?"

Nikatikisa kichwa. Baba alikuwa bado ameweka kidole kwenye ukurasa, akinitazama. Hadithi ile hakuimaliza kamwe.

Wiki haikuisha Hadija akarudishwa kwa wakala aliyemleta kwetu. Kwetu anayeondoka hutaka radhi kwa kila mtu, hata kwa watoto, naye desturi hiyo alijifunza nyumbani mwetu. Mlangoni aliweka begi chini, akaushika mkono wangu wa kulia.

"Nisamehe, mdogo wangu, kama kuna mahali nilikukosea."

Akaufungua, akakiona kidole kilichobabuka. Akaukunja tena polepole, akanirudishia. Jibu nilifunzwa tangu mdogo, nami nikalitoa: "Nshakusamehe." Naona haya hadi leo.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imevuka milima hadi Al Amerat, kwenye nyumba mpya na jiko langu mwenyewe. Hariri siifukizi, na kitabu cha baba nimekirithi bila kukifungua. Jana binti yangu, naye ana miaka tisa, aliniuliza kwa nini naosha mchele mara saba, na kila mara nainua bakuli kwenye mwanga wa dirisha. Nikamwambia mchele wa siku hizi ni mchafu, si kama wa zamani.