Nyumba ya Nne Kutoka Kijitoni

Jumapili hiyo mama mdogo alipiga pasi kitenge chake kabla ya misa, akakipiga tena tuliporudi. Alikuwa anakwenda kusikia jina la mume wake likiimbwa.

Mwimbaji alitoka kijiji chao huko Djugu, mkimbizi kama yeye, na hakuwa na chombo kingine ila gitaa lisilo na umeme. Baada ya mauaji ya kijijini humo alitunga wimbo unaopanda kilima cha kijiji nyumba kwa nyumba, kuanzia kijitoni hadi kanisani, na kwenye kila nyumba anamtaja aliyeuawa. Familia zenyewe zilimpelekea majina. Mama mdogo alipeleka la mume wake, ambaye mwili wake haukupatikana. Kwa sababu hiyo alikuwa bado amekataa kumaliza matanga. Nyumba yao ilikuwa ya nne.

Njiani nilimwuliza wimbo unamzikaje mtu, na kwa nini uimbwe uani mwa baa, kati ya watu wanaotafuna mbuzi. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu bila kupata kazi, na kuuliza ndiko kulikobaki.

"Weye na masomo yako, unauliza maulizo mingi," akasema. "Miye nataka nisikie jina yake mbele ya watu. Kisha tutamaliza matanga."

Tulikaa mbele. Yule bwana aliimba vizuri, jambo lililoniudhi, maana nilikwenda nikiwa tayari kuona kwamba wimbo haufanyi kitu. Baa nzima ikanyamaza. Nyumba ya kwanza, mama mdogo akatikisa kichwa: aliijua. Ya pili akanishika mkono.

Hapo akaingia mfanyabiashara wa mafuta, mtu anayejulikana mjini, amechelewa. Akasikia majina yakitajwa na watu wote wametulia, akadhani ni majina ya wakubwa waliolipa ili watajwe katika wimbo, kama kawaida yetu. Akaenda mbele akicheza, akabandika noti kwenye paji la uso la mwimbaji, akamnong'oneza jina lake sikioni. Kwetu hakuna asiyejua kinachofuata. Anayemheshimu mwimbaji kwa noti hutupwa ndani ya wimbo: jina lake huimbwa palepale.

Lakini wimbo ule ulikuwa na nafasi ya jina moja tu kwa kila nyumba. Gitaa halikusimama. Kwenye nyumba ya nne mwimbaji akamtaja mfanyabiashara wa mafuta, akaongeza na mtaa wake, kisha akapanda nyumba ya tano.

Watu wakapiga makofi. Yule mtu mnene, mwenye afya, akainua mikono na kujizungusha ili meza zote zimwone, huku amelazwa kati ya wafu wa kijiji ambacho hajawahi kukikanyaga. Vidole vya mama mdogo vikaniachia. Alingoja hadi wimbo ulipofika kanisani, labda utarudi chini. Haukurudi.

Akamfuata mwimbaji aliyekuwa anajifuta jasho, akamsalimia kwa lugha ya kwao, akamwomba aimbe tena ubeti ule mmoja tu. Mwimbaji alijibu kwa Kiswahili, bila hasira.

"Mama, usinikasirikie. Mutu akiniheshimia, namutupa mu wimbo, njo kazi yangu. Bwana yako hawezi kusimama anipe kitu."

Mfanyabiashara aliona mwanamke amesimama mbele ya mwimbaji amefumbata mikono, akaelewa kwamba anaomba. Alikuwa na furaha siku ile.

"Mama iko na kiu," akamwambia mhudumu. "Mumupe sucré moja, nalipa miye."

Soda ikaletwa. Mama mdogo akaipokea kwa mikono miwili.

"Aksanti, papa," akasema.

Simu nyingi zilikuwa zimerekodi, na toleo hilo ndilo lililosambaa mjini. Jirani yetu anayeuza makaa hulipiga kila alasiri. Mama mdogo husimama karibu na uzio akifuata: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ikifika ya nne hutaja jina la mume wake kwa sauti, juu ya lile jingine. Matanga hatujamaliza.

Juzi muuza makaa akaiinua simu yake karibu na sikio.

"Mama, nyamaza kidogo," akasema. "Tuache tusikie wimbo."